Mgonjwa wa Akili na Kamba Tunazomfunga



Kila nijapo pwani kuwaona jamaa, na hata nikiwa huku kwetu Buswelu, Mwanza, huulizwa swali moja: Je, yafaa Muislamu kumpeleka mgonjwa wake kwa daktari wa akili, na hali elimu hiyo, kama wasemavyo, imeasisiwa na mtu asiyemwamini Mungu? Muulizaji mara nyingi huwa amekwisha jijibu, naye hungoja mimi nimtilie muhuri tu. Leo nitajibu, na huenda jibu langu lisimpendeze.

Mtu wanayemkusudia ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufa London mwaka 1939. Ndiye aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi: mgonjwa hulala juu ya kochi akasema kila linalomjia, na daktari akatafuta katika maneno yake na ndoto zake matamanio yaliyofichika. Kwamba ndani ya mtu mna mambo asiyoyajua mwenyewe, hilo si geni kwetu. Qur'ani imetutajia nafsi iamrishayo maovu, na nafsi ijilaumuyo, na nafsi iliyotua, na Imam Ghazali ameyaeleza maradhi ya moyo kwa urefu. Lakini mwaka 1927 Freud alivuka mpaka wake. Alitoa kitabu akidai kuwa dini ni njozi ya mtu mzima anayetaka baba wa kumlinda, kama alivyotaka alipokuwa mtoto. Hilo hakulipima wala hakulishuhudia, alilisema tu.

Na msidhani mambo haya yaliishia Ulaya. Daktari J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na humo akasema kuwa Mwafrika hatumii vyema sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa kisu cha daktari. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapa maelezo yake juu ya Mau Mau. Watu wamepigania ardhi yao, naye anatafuta sababu katika vichwa vyao! Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Hata wanaochunguza fahamu hivi leo, yaani vipi nyama ya ubongo ikawa mtu anayeona, anayeumia na anayejijua, hawajafika. Mwaka 1998 huko Ujerumani, mtaalamu wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba katika miaka 25 itajulikana wazi ni mishipa gani ya ubongo inayoleta fahamu. Mwaka 2023 Koch akakiri kuwa ameshindwa, akalipa kwa mvinyo. Kwetu sisi dau ni haramu na mvinyo ni haramu, lakini kule kukiri kwake ni jambo la kusifiwa.

Basi muulizaji atafurahi, atasema, "Alhamdulillah, Maalim umekubaliana nami." La, ndugu yangu, ngoja kwanza. Kosa la Freud na Carothers ni nini? Ni kusema bila ya ilimu juu ya jambo lililofichika. Nasi je? Mtu akianza kusikia sauti, huku Usukuma huambiwa mizimu ya babu yake inadai. Mtu huyo huyo angeugulia Tanga angeambiwa ana pepo wa bahari, anataka ngoma na chetezo na damu ya mbuzi. Je, ugonjwa hubadilika kwa kupanda basi? Carothers alitazama kichwa cha mwenzake akahukumu asichokijua, nasi twafanya hayo hayo kila siku majumbani mwetu.

Nami sijitoi. Hapa Buswelu mke wa jirani yangu alijifungua, na baada ya siku chache akawa halali usingizi, anacheka peke yake, anasema mtoto si wake. Nikaitwa. Nikasoma siku kumi na saba, na kila nilipoulizwa juu ya hospitali nikasema, "Haya si ya hospitali." Watu wa nyumbani wakamfunga mikono kwa kamba ya katani. Usiku mmoja akajifungua kamba, akakutwa mdomoni mwa kisima, mtoto kifuani. Jirani mmoja ambaye ni muuguzi akaniambia kwa adabu, "Maalim, wewe endelea kumsomea, lakini mimi nampeleka." Akampeleka, akapewa dawa, na baada ya majuma kadhaa akamnyonyesha mwanawe. Nilidhani nilikuwa naitetea dini, kumbe nalitetea jina langu.

Sikanushi majini, Qur'ani imeyataja. Wala sikatazi kusoma. Someni, kwani kisomo kina shifaa. Lakini fikirini: Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwendawazimu kalamu imeondolewa kwake mpaka apate akili. Sharia imemsamehe sala na saumu kwa kuwa ni mgonjwa. Vipi Mwenyezi Mungu amwondolee kalamu, nasi tumtie kamba?

Wazee wetu walilijua hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akatenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni itokayo mwilini. Hospitali ya Sultan Qalawun, iliyojengwa Kairo mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa kuwatibu wenye maradhi ya akili.

Na kwa yule anayemwogopa Freud: dawa ya klopromazini, iliyofungua mlango wa dawa za wazimu za leo, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952, miaka 13 baada ya kufa kwake. Daktari wa Mirembe au Bugando hakuulizi imani yako. Anatibu ubongo, nao ni kiungo kama ini. Roho ni jambo la Mola wetu, na daktari akithubutu kuihukumu, mwambieni amevuka mpaka. Nanyi mkiuhukumu ubongo, mmevuka wenu.

Basi leo hii, aliye na mgonjwa chumba cha uani amfungue kamba, amkogeshe, ampeleke akatibiwe, na amsomee njiani. Siku ya Kiyama mgonjwa hataulizwa juu ya wazimu wake. Tutaulizwa sisi tuliomfunga.

Wabillahi tawfiq.