Bugaluu ya Kaka

Mzazi amkaripiaye mwanawe kwa suruali ya kubana na aitazame kwanza picha yake ya ujana. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulizipiga vita suruali hizo hizo katika Operesheni Vijana. Haukupita muda, kaka zetu wakalaumiwa kwa bugaluu, pana hadi kufunika kiatu!

Hapa Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya biashara kulegezwa mwaka 1984 na mitumba kujaa masokoni, nguo ilikuwa adimu. Tulirithi bugaluu hizo. Mwenzangu mmoja wa Kirumba alikuja madrasa na moja iliyomzidi urefu, upindo wake ukifagia vumbi. Mwalimu akamrudisha mbele yetu, akisema aburutaye nguo ana kiburi. Kiburi gani, naye hakuwa na nyingine? Hakurejea tena. Sisi tukihifadhi Juzuu Tabaraka, yeye alikuwa mwaloni akipakua dagaa.

Miaka mingi baadaye nikasoma katika Sahihi Bukhari kwamba Sayyidna Abubakar alimweleza Mtume (S.A.W.) kuwa upande mmoja wa nguo yake huteremka asipouangalia. Mtume akamjibu kuwa yeye si katika wafanyao hivyo kwa kiburi.

Sisemi suruali ya kubana inasitiri. Haisitiri, na kijana aambiwe. Lakini Ijumaa iliyopita baba mmoja aliniomba nimkemee mwanawe mbele ya wenzake. Nilimuuliza kama kijana bado anahudhuria darasa.

"Hakosi," akanijibu.