Kabla ya kumlipa mkandarasi, dai mchoro wa waya

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mifumo ya kudhibiti pampu za maji Kanda ya Ziwa, na nina ombi kwa wote wanaosaini hati za malipo ya miradi hii: msipokee mradi ambao nyaya zake za mawasiliano hazina mchoro na hazijapimwa mbele yenu. Siku ya makabidhiano kila mtu hukodolea macho skrini yenye picha ya tangi linalojaa. Lakini masika yakianza, kitakachoamua kama skrini ile inasema kweli ni jozi mbili za waya zilizofukiwa mtaroni.

Mji mdogo huwa na visima kadhaa, tangi kilimani na ofisi. Kila kisima kina kisanduku chenye modemu ya masafa mafupi, inayosafirisha data kwa waya wa kawaida wa shaba, bila ada ya mwezi kwa mtu yeyote. Visima vyote hutumia njia moja. Ofisi huita namba ya kisima, kisima hicho hujibu, vingine hunyamaza.

Niliwahi kuitwa kwenye mradi ambako kisima cha pili na cha nne havikuwahi kuonekana ofisini. Modemu zake zilikuwa zimebadilishwa, kisha zikabadilishwa tena. Aliyenipa jibu ni mzee anayelinda pampu: “Mwanangu, cha kwanza, cha tatu na cha tano havijasumbua hata siku moja.” Hitilafu inayoruka kisima kimoja na kushika kinachofuata haitoki kwenye modemu. Nyaya nne za mfumo wa aina hii ni jozi mbili: moja ya amri kutoka ofisini, nyingine ya majibu kutoka visimani. Jozi hupishanishwa mara moja tu, kati ya ofisi na kisima cha kwanza, ili kutuma kwa ofisi kuwe kupokea kwa kisima. Kuanzia hapo, kisima hadi kisima, kupokea hufungwa kwa kupokea na kutuma kwa kutuma. Aliyefunga pale alizoea modemu mbili zinazotazamana, akapishanisha kila alipofika. Kisima cha pili kikawa kinasikiliza kwenye njia ya majibu, hivyo amri hazikukifikia. Cha tatu kikapishanishwa tena, kikawa sawa. Kilichohitajika ni bisibisi. Fedha ya wananchi ilikuwa imekwisha kutumika kwa modemu zisizo na kosa.

Kuna kosa jingine linaloudhi zaidi kwa sababu huua mtandao mzima. Modemu ya kisimani inatakiwa iachie njia inapomaliza kusema, na hilo hupangwa kwa swichi ndogo ndani yake. Swichi ikiachwa kwenye mpangilio wa modemu mbili tu, modemu hiyo haiachii njia, na majibu ya wenzake yote yanazama. Ofisini huonekana kana kwamba visima vyote vimekufa. Chomoa kimoja kimoja. Siku zote yupo mmoja ambaye akitoka wengine wanafufuka.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya zamani. Kiwango cha RS-485, ambacho mitandao mingi ya namna hii inakitumia, kilitoka mwaka 1983, ndiyo. Lakini fungua inveta ya sola au mita ya umeme ya jengo kubwa iliyonunuliwa juzi, utakuta terminali zake. Waya wake unafika mita 1,200 kwa mwendo mdogo. Modemu za laini ya simu ni nzuri pale ambapo mtaro hauwezi kuchimbwa, ila vifurushi vinapokwisha na bajeti ya halmashauri haijafika, kisima kinanyamaza.

Ninachopenda katika RS-485 ya nyaya mbili ni kwamba hata asiye fundi anaweza kuikagua. Waya unatakiwa upite kifaa hadi kifaa kwa mfuatano, si kutawanyika kutoka boksi moja kama matawi, maana mawimbi hugonga mwisho wa kila tawi refu na kurudi kuvuruga yanayokuja. Kwenye ncha mbili za mfuatano, na hapo tu, huwekwa rezista ya ohmu 120. Basi zima umeme, shika mita, pima kati ya nyaya mbili. Inatakiwa isome karibu 60. Ikisoma karibu 120, ncha moja haina rezista. Ikisoma 40 au chini, kuna aliyewasha rezista katikati ya njia. Kipimo hiki hakichukui hata muda wa kunywa soda, na sijaona mkataba wa mji mdogo unaokidai.

Kuhusu radi sitanii hata kidogo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na radi duniani. Vifaa vya RS-485 huvumilia tofauti ya kati ya volti 7 chini ya sifuri na 12 juu yake; radi ikipiga karibu, tofauti ya ardhi kati ya kisima na ofisi huzidi hapo mara nyingi mno. Vizuia radi viwekwe kwenye ncha zote mbili za kila waya unaotoka nje ya jengo, na modemu ziwe zile zilizotenganishwa kiumeme na waya wa nje. Mhandisi anayefuta mstari huo kwenye makisio ili bei ishuke anawaachia kina mama ndoo tupu Machi ijayo.

VETA wafundishe haya kwa vitendo, kwa kebo halisi ndefu. Na halmashauri ziandike kwenye zabuni: sehemu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka kila ncha ya waya iwe na lebo, vipimo vimeandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, na mchoro umebandikwa ndani ya mlango wa kila kisanduku.