Ini Likikauka, Figo Hufuata

Mgonjwa wa homa ya ini C anapofikia hatua ya kuhitaji ini jingine, macho ya ndugu huwa kwenye tumbo lililojaa maji. Mimi ningewaomba waulize habari za figo. Ini likishajaa makovu, mzunguko wa damu huvurugika na figo hukosa damu ya kutosha, zikaanza kuzima ingawa zenyewe hazikuwa na ugonjwa. Virusi vya homa hiyo navyo huweza kuharibu vichujio vya figo miaka mingi kabla. Akipandikizwa, takrolimasi au saiklosporini anayomeza ili mwili usilikatae ini jipya huzichosha figo zilizobaki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliona kwamba katika kila watu 100 waliopandikizwa ini, karibu 18 figo zao zilikuwa zimedhoofika vibaya ndani ya miaka 5, na wenye virusi vya C walikuwa hatarini zaidi.

Tanzania imeweza kupandikiza figo: Muhimbili tangu Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma tangu 2018. Ini watu hulifuata nje, hasa India. Familia ya Msimbati au Kilambo, mkoani Mtwara, itauza korosho, itachangisha ukoo mzima, itampata ndugu wa kutoa kipande cha ini, halafu mgonjwa atarudi akihitaji kupimwa kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na kiwango cha dawa katika damu maisha yake yote. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka tuanze na kituo cha kupandikiza ini. Tuanze na vidonge vinavyoondoa virusi.

Sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000. Leo dozi nzima ya wiki 12, sofosbuviri pamoja na daklatasviri, hupatikana katika baadhi ya nchi kwa chini ya dola 100, na huponya zaidi ya watu 95 katika 100, hata wenye figo mbovu. Misri, ambako sindano za kichocho zilizorudiwa bila kuchemshwa vizuri zilisambaza virusi hivi kwa miongo, ilipima karibu watu milioni 50 kati ya 2018 na 2019, ikawatibu bure waliokutwa na virusi.

Wapo watakaosema kwetu homa ya ini B ndiyo kubwa. Ni kweli, lakini kirusi cha C kinaondoka kabisa, na wagonjwa wakiwa wachache gharama nayo ni ndogo. Mlango upo tayari: Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda Mtwara, na damu ya kila mchangiaji hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na C. Anayekutwa na C asiachiwe jibu mkononi. Apelekwe hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, athibitishiwe kirusi, apimwe kreatinini na protini kwenye mkojo, apewe vidonge. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itakuwa na maana kwake ikiwa vidonge hivyo vimo kwenye kitita.

Jambo moja haligharimu hata senti. Mwenye tumbo la maji akiumwa mgongo huenda duka la dawa muhimu na kuomba diklofenaki, dawa inayoweza kuzizima figo zake ndani ya siku chache. Muuzaji wa Kitaya au Mahurunga akifundishwa kumtazama tumbo na miguu kabla ya kumhesabia vidonge, atamnyima dawa hiyo na kumwelekeza hospitali siku hiyohiyo.