Nyanya za kitalu nyumba na dawa ya jana

Nyanya za kitalu nyumba huvutia: nyekundu, safi, hazina matope. Jioni mama humtuma mtoto nyuma ya nyumba akachume mbili tatu za mchuzi. Lakini je, dawa ilipulizwa lini?

Nailoni inayofunika kitalu huzuia mvua na hupunguza makali ya jua, vitu ambavyo shambani husaidia kuondoa dawa kwenye majani na matunda. Mvuke wa dawa nao hukaa ndani. Joto likipanda, mpulizaji huvua barakoa na glavu (na kweli, humo ndani ni tanuri), kumbe ngozi yenye jasho hupitisha dawa kwa urahisi.

Kichwa kikiuma baada ya kupuliza, pamoja na kichefuchefu, mate mengi na mboni za macho kuwa ndogo, isidhaniwe ni malaria. Mgonjwa atolewe nje, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, kisha awahishwe hospitali. Chupa ya dawa ibebwe. Daktari atahitaji kusoma lebo.

Lebo hiyohiyo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na hutofautiana dawa kwa dawa. Tarehe ya kupuliza iandikwe mlangoni. Siku zisipotimia, mchuzi wa leo upikwe kwa nyanya za sokoni.