Kuchonga marufaa kwa ubao mmoja
Marufaa, kiweko cha msahafu wakati wa kusoma, huchongwa kwa ubao mmoja, bila gundi, msumari wala bawaba ya chuma. Kwa anayechonga kwa kujifurahisha, ubao wa mvule au mtiki wenye unene wa sentimita 3 hivi unatosha, ilimradi umekauka na nyuzi zake zimenyooka.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye bawaba, inayochongwa katika ubao huohuo. Meno yake hupimwa na kuchorwa pande zote mbili, kisha patasi huyachonga mviringo kwa kupishana. Mikato iliyo kati yake hupenya hadi upande wa pili. Ndipo msumeno mwembamba huupasua unene wa ubao katikati, kutoka kila ncha hadi kwenye meno, ili kupata mabawa mawili. Hapa ndipo wengi hushindwa: msumeno ukienda upande kidogo tu, bawa moja hubaki jembamba na kuvunjika.

Nakshi huwa za maua, majani au mnyororo. Picha za watu na wanyama huepukwa. Ni afadhali nakshi zichongwe kabla ya kupasua, ubao ukiwa bado mnene na hautikisiki. Baada ya hapo hubaki msasa laini na mafuta kidogo.