Sinema Tamu, Funzo Baya

Likizo iliyopita tulitazama kwa mjomba sinema ya Kiingereza ya mwaka 1968, Twisted Nerve, ya Bwana Roy Boulting. Kijana Martin ajifanya mwenye akili za kitoto apate kumkaribia msichana Susan. Mluzi wake ulitutia hofu hata hakuna aliyesinzia. Lakini hadithi yadokeza kuwa Martin aua kwa sababu kaka yake alizaliwa na hali ya Down. Huo ni uwongo. Watengenezaji wenyewe waliukana kwa tangazo mwanzoni. Mdogo wangu ana hali hiyo. Binamu zangu walimgeukia wakamtazama, nami nikanyamaza. Nilikosa. Wasomaji, mkiipata itazameni, ila msijifunze udaktari humo.