Nafasi ya Chuo Kikuu Haigawanywi Siku ya Matokeo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, swali moja huzunguka katika nyumba za watumishi wa umma, katika vyumba vya walimu na katika vibaraza vya vijijini: je, kijana huyu ataingia Chuo Kikuu? Mzazi humwuliza mwalimu, mwalimu hutazama karatasi ya alama, na mara nyingi jibu hutolewa kwa kukisia. Husemwa kwamba amefaulu vizuri, kwa hiyo ataingia. Au kwamba amepata daraja la tatu, kwa hiyo hana chake. Majibu yote mawili yaweza kuwa makosa.

Ukweli ni kwamba nafasi ya kijana katika Chuo Kikuu cha umma haigawanywi siku ya matokeo. Siku hiyo huhesabiwa tu mambo yaliyokwisha kuamuliwa zamani: somo aliloliacha akiwa kidato cha pili kwa kukosa mwalimu, tahasusi aliyoijaza katika fomu pasipo mtu wa kumweleza inampeleka wapi, na cheti cha kuzaliwa ambacho hakuna aliyemhimiza mzazi kukitafuta. Anayetaka kujua kama mgawanyo wa nafasi hizo ni wa haki hana budi kutazama mwanzo wa safari, asitazame mwisho wake tu.

Yafaa ikumbukwe nchi hii ilianzia wapi. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwa darasa dogo la sheria katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa ndipo mahali pa pekee nchini ambapo kijana angeweza kupata digrii. Nafasi zilikuwa chache, na Taifa lililipa gharama yote. Ndiyo sababu tangu awali swali la nani aingie halikuwa la wakuu wa Chuo peke yao, bali la wananchi wote.

Jibu zito kuliko yote lilitolewa Novemba 1974, katika Azimio la Musoma. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na alete mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama mahali alipofanya kazi. Nia ilikuwa njema na haina haja ya kuonewa haya. Ilikusudiwa kwamba msomi awe mtu anayeyajua maisha ya wenzake, na kwamba mfanyakazi aliyekosa nafasi ujanani naye apate mlango.

Lakini utekelezaji ulifundisha mambo mawili. La kwanza, idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilipungua, ikalazimu baada ya muda mfupi waruhusiwe kwenda bila kungoja miaka ya kazi. La pili, pendekezo la mtu haliwezi kupimwa kwa rula. Bosi mmoja huandika kwa haki, mwingine kwa upendeleo, na wa tatu hukataa kuandika kwa sababu hataki kumpoteza karani mzuri. Katika miaka ya 1980 utaratibu huo uliachwa. Funzo lililobaki ni kubwa: kipimo chochote cha kuingilia Chuo Kikuu sharti kiwe wazi, kiwe kimoja kwa wote, na kisitegemee mkono wa mtu.

Kipimo cha leo, yaani alama za mtihani wa Taifa, kina sifa hizo tatu. Kwa hiyo hapana sababu ya kukitupa. Swali ni kama wote wanaopimwa nacho wanakijua.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kwa kiwango cha chini kabisa, Tume ya Vyuo Vikuu humtaka mwombaji aliyetoka kidato cha sita awe na ufaulu kamili katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, na masomo hayo yawe ndiyo yanayotakiwa na kozi anayoiomba. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili, au C moja na E moja, amefikia kizingiti. Mwenye B moja na S mbili hakukifikia, kwa sababu S si ufaulu kamili, hata kama shuleni kwake alikuwa akisifiwa kwa lile somo moja.

Hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozaliwa. Baraza la Mitihani linapopanga madaraja huhesabu kinyume chake: A ni 1, B ni 2, na kuendelea, hata mwenye A tatu akawa na pointi 3. Vyuo vikuu humhesabia kijana huyo huyo pointi 15. Mwenye C tatu ana pointi 9 katika hesabu zote mbili. Mtu asiyeelezwa tofauti hiyo aweza kudhani kwamba pointi 12 za daraja la pili ni bora kuliko pointi 9 za daraja la kwanza, au kwamba pointi zake chache ni dalili ya kushindwa. Wapo wazazi waliokata tamaa kwa sababu ya hesabu hiyo, na wapo waliosherehekea mapema.

Mkanganyiko wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa masomo. Kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia aweza kupata A tatu na bado asiwe na njia ya kwenda kusomea uhandisi wa ujenzi, kwa kuwa fani hiyo hudai Hisabati ya juu. Mwenzake aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati naye hawezi kuomba udaktari wa binadamu, kwa kuwa hana Baiolojia. Uamuzi huo haukufanywa kidato cha sita. Ulifanywa kidato cha nne, juu ya fomu ya kuchagua tahasusi, na kijana mwenye umri wa miaka 16 au 17. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi kufikia 65. Hiyo ni neema kwa mwanafunzi mwenye mshauri. Kwa asiye na mshauri, njia panda zimeongezeka.

Jambo la tatu ni kwamba kutimiza sifa si kupewa ahadi. Kiwango cha chini humruhusu mtu kupanga foleni tu. Kozi yenye viti vichache na waombaji wengi, kama udaktari katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, huanza kwa wenye alama za juu na kushuka mpaka viti vimalizike. Kijana aliyejaza kozi tatu zote za namna hiyo kwa kutegemea kwamba ametimiza sifa aweza kujikuta hana hata moja, huku mwenye alama chini yake ameingia kozi nzuri aliyoiomba kwa busara. Huyo wa pili hakubahatika. Alikuwa na mtu wa kumshauri.

Na nani huwa na mtu huyo? Watumishi wa umma wanalijua jibu, kwa kuwa wengi wao ndio watu hao kwa watoto wao. Mtoto wa afisa wa wilaya husikia habari za kozi na mikopo mezani wakati wa chakula cha jioni. Mtoto wa mkulima aliyesoma shule ya kata hana meza hiyo. Shule yake ilijengwa kwa nguvu za wananchi, katika wimbi la ujenzi lililoanza mwaka 2004 chini ya mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari, na pengine ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia wala maabara. Akifaulu pamoja na hayo yote, amethibitisha akili na uvumilivu wake. Itakuwa aibu akiangushwa na fomu.

Fomu zenyewe ni nyingi. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja katika kila chuo, baada ya kuachwa ule mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010. Aliyechaguliwa na vyuo viwili au vitatu sharti athibitishe kimoja ndani ya muda uliowekwa, kwa namba ya siri anayotumiwa. Asipothibitisha, hujiweka katika hatari ya kuipoteza nafasi aliyokwisha kuipata. Kisha kuna Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na kwa yatima hutaka cheti cha kifo cha mzazi. Mambo haya huangukia miezi ile ile ambayo vijana wengi wa kidato cha sita wako katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Mwenye mzazi anayejua taratibu hufanyiwa. Asiye naye hurudi nyumbani akakuta tarehe zimepita.

Watakuwapo watakaosema kwamba taarifa hizi zote zimetangazwa, na kwamba asiyezitafuta ajilaumu mwenyewe. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Tume hutoa mwongozo wake kila mwaka, nao husomeka. Lakini tangazo lililowekwa kwenye intaneti halijamfikia mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa kuwa na simu, wala mzazi ambaye hajapata kufungua ukurasa wa namna hiyo. Kutangaza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikishia mhusika habari kwa lugha anayoielewa na kwa wakati unaomfaa.

Wengine watasema dawa ni kuwapunguzia alama waliotoka shule duni. Hao nao wana huruma, lakini huruma yao imechelewa kwa miaka minne. Kijana asiyefundishwa Hisabati hafundishwi kwa kupunguziwa alama. Hupelekwa tu katika ukumbi wa mihadhara kwenda kushindwa mbele ya wengi. Haki anayostahili ni mwalimu wa Hisabati akiwa kidato cha kwanza, na njia ya pili iliyo halali akichelewa. Njia hiyo ipo. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 huweza kuomba digrii. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huwapokea hata watu wazima walio kazini. Wala Mlimani si mlango wa pekee tena: Sokoine ilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, Mzumbe mwaka 2001, na Dodoma ikaanzishwa mwaka 2007. Kumwambia kijana kwamba asipopata Mlimani maisha yamekwisha ni kumdanganya.

Kwa hiyo basi kazi inayotakiwa kufanywa haihitaji bajeti kubwa. Kila shule ya sekondari na iteue mwalimu mmoja wa kushughulikia habari za udahili, apewe vipindi katika ratiba, na aanze na kidato cha tatu, kabla fomu ya tahasusi haijafika. Wakuu wa shule na wahimize vyeti vya kuzaliwa vipatikane na kuhakikiwa kabla ya mtihani. Maafisa elimu na wahakikishe mwongozo wa Tume unabandikwa kwenye mbao za matangazo za kata. Vyuo vya umma navyo na vitangaze kila mwaka, kwa kila kozi, alama za mtu wa mwisho aliyepokelewa, ili mwombaji ajue foleni aliyoingia ina urefu gani.

Serikali iliondoa ada ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kizuizi cha fedha kimepunguzwa. Itakuwa ajabu kizuizi cha kutojua kikiachwa, ilhali ndicho rahisi kukiondoa.

Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mfano huo kwa kawaida hutumiwa kumkumbusha mhitimu deni lake. Lakini una upande wa pili, unaowahusu wanaokigawa hicho chakula. Kijiji chenye njaa hakiwezi kumchagua wa kumtuma kwa sababu nyumba yake iko karibu na jiko. Kitamtafuta mwenye miguu imara, popote alipo, hata katika nyumba ya mwisho ya kijiji. Kumtafuta huyo ndiyo kazi ya mwalimu wa kidato cha tatu, na muda wa kuifanya ni muhula huu.